Yogati Niliyokunyima

Faida mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na nawajua, mkianza kuimba hamtamaliza mapema. Nimefunga cherehani. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mlangoni mara tatu kuangalia njia kana kwamba nangoja mgeni. Ile aproni ya pili niliyokushonea nimeishona pindo, nikaifumua, nikaishona tena, na pindo la kwanza halikuwa na kosa lolote. Ni mimi nisiyeweza kutulia.

Sitakuambia habari za kufunga mlango, wala ni nani wa kumwamini huko Kauma, Lilongwe, wala ufue nguo siku gani. Hayo umeshanizidi. Jambo ninalotaka kukuambia ni moja tu, na nimelizunguka kwa wiki tano.

Lilianza siku uliyorudi kutoka Lilongwe kwenye maswali ya kazi. Ulishuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, unacheka, hata hujamshukuru dereva vizuri, ukaniambia wale akina mama wa shule ya watoto wamekuchukua. Utakuwa jikoni, uji wa asubuhi na vitafunio vya mchana, na ile yogati yetu ya kugandisha wanaitaka mara mbili kwa wiki. Karatasi ya ruhusa ya mkimbizi kukaa mjini wataifuatilia wao. Nilifurahi mpaka nikaita majirani. Kisha, majirani walipoondoka, ukaniambia kwa nini wamekuchukua wewe na si wale wengine.

"Baba, baliniuliza kama najua usafi wa chakula. Mi nikabaambia kisa ya yule mama wa maziwa. Venye aliuza maziwa chafu, batoto ba kanisa bakagonjwa. Nikabaambia tangu pale baba yangu njo alinifundisha kuchunga. Balipenda sana."

Nikasema, "Vizuri." Nikaingia ndani nikajifanya natafuta uzi.

Faida, kisa kile si kweli. Nimeandika sentensi hiyo nikasimama tena kwenda mlangoni. Sasa nimerudi. Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza pale palipo pabaya utadhani nilikuwa mtu mwingine, na nilikuwa mimi huyu huyu.

Ulikuwa na miaka sita mama yako alipofariki. Usichokumbuka, nadhani, ni kwamba uliacha kula. Nilikumegea nsima, ugali wa hapa, ukageuza uso ukutani. Nikapika wali, nikapika ndizi, nikakutafutia samaki soko zima kwa sababu mama yako, mtu wa Uvira kando ya ziwa, alikuwa amekuzoesha samaki. Hapana. Ulichokubali ni zile barafu za rangi tu, maji na sukari kwenye kifuko chembamba, nyekundu na kijani, unazonyonya mpaka ulimi unageuka. Nikawa nakununulia. Mimi mwanaume ambaye hata chai nilikuwa napikiwa, nikaona afadhali ule rangi kuliko usile kabisa. Haikuchukua muda meno yako ya mbele yakawa meusi. Nilikupeleka zahanati kwa ajili ya meno, na muuguzi, mama mmoja Mmalawi mpole, hakuangalia meno. Alikupima mkono kwa utepe wake, akanitazama.

"Baba, huyu anaishi kwa sukari. Mpe maziwa. Mpe matunda."

Nikamwambia hataki, anataka barafu.

"Basi mpe maziwa na matunda yawe barafu," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Alilisema kama mtu anayetaka kumaliza foleni, lakini mimi nilitoka nalo. Nilitembea nimekubeba mgongoni nikiliwaza mpaka nyumbani.

Wakati huo maziwa yaliingia kambini kwa baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa Mama Chisomo, mwanamke wa kijiji kile kilicho ng'ambo ya mashamba ya mahindi, mwenye ng'ombe wawili na ndoo nyeupe yenye kifuniko cha kukaza. Alikuwa amejifunza Kiswahili chetu kwa kutembea na maziwa mlango kwa mlango, kwa hiyo alizungumza kama sisi, ila akichoka alirudi Kichewa. Nilimwambia shida yangu. Hakucheka. Aliegesha baiskeli, akaingia jikoni kwangu kama shangazi aliyefika kwa ndugu yake, akatazama sufuria zangu, akaniambia nizioshe zote upya.

Yeye ndiye aliyenifundisha, Faida. Ninyi wote mnaoniita fundi wa yogati, fundi wangu alikuwa yule. Alinionyesha kupasha maziwa kwa moto mdogo, nikikoroga, mpaka mapovu madogo yanazunguka ukingo wa sufuria, kisha kuipua kabla hayajapanda. Kisha kungoja. Kungoja ndiko kulikonishinda. Mara ya kwanza nilitia kijiko cha yogati ya dukani, ile niliyoibeba kutoka Lilongwe imefungwa kitambaa kibichi, maziwa yakiwa bado moto, na asubuhi nikakuta maziwa tu. Mara ya pili nikangoja sana, yakapoa mno, nikakuta vile vile. Mama Chisomo akanishika mkono, akakichovya kidole changu kidogo ndani ya sufuria.

"Ukiweza kuacha kidole mpaka uhesabu kumi, njo wakati. Ukitoa mbele ya kumi, iko moto. Ukisahau kuhesabu, iko baridi."

Mara ya tatu nilihesabu. Nikafunika sufuria, nikaizungushia blanketi la mama yako, nikaiweka pembeni isitikiswe. Kulipokucha niliinamisha sufuria, na kilichokuwa ndani kilisogea chote pamoja, kizito, kinang'aa juu. Nilikaa chini. Tangu mazishi, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya kikatokea.

Yaliyobaki unayajua kwa mikono yako. Kuichuja kwenye pamba safi ili maji yatoke, kwa sababu yogati yenye maji mengi ikiganda inakuwa jiwe. Kuponda ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa, hiyo ndiyo sukari yetu, na papai, au embe wakati wake, na pasheni juu na mbegu zake. Kumimina kwenye vikombe, kuchomeka kijiti katikati. Frigo hatukuwa nalo. Mzee Salvatori, yule Mrundi aliyekuwa na duka kwenye kona, alikuwa na frigo kubwa la kugandishia samaki, akanipa pembe moja ndani yake. Siku nilipokuletea ya kwanza uliishika kwa mikono miwili. Uliitazama kwanza kama ina rangi. Haikuwa na rangi ya maana, ilikuwa kama udongo mwepesi. Ukailamba. Ukaniambia, "Hii iko na ndizi ndani." Ukaimaliza, ukataka ya pili. Nilitoka nje ili usinione.

Nakuandikia haya ujue kwamba kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Kilianza vizuri kabisa. Ulirudi kula. Meno mapya yakaota meupe. Na mimi, taratibu, nikaanza kusifiwa.

Hapo ndipo nilipoharibika, wala sikuona. Akina mama wa kanisa walianza kuja kujifunza. Mtu aliyekuwa anahurumiwa, mgane na cherehani yake ya mguu, akawa anaitwa mbele kueleza jinsi ya kulisha watoto. Wakanifanya shemasi. Mchungaji alisema hadharani kwamba Baba Faida amewatoa watoto wetu kwenye sukari. Nilikuwa nimefika kambi hii na suruali moja na wewe tumboni mwa mama yako. Sikuwahi kuitwa mbele ya watu maishani mwangu. Ilikuwa tamu, mwanangu. Ilikuwa tamu kuliko zile barafu.

Ulikuwa na miaka tisa ilipokuja sikukuu ya watoto kanisani. Niliahidi kikombe kimoja kwa kila mtoto wa shule ya Jumapili. Nilinunua maziwa kwa Mama Chisomo siku mbili mfululizo, nikatengeneza, nikachuja, nikaponda, nikajaza lile frigo la Salvatori mpaka ikabidi asogeze samaki wake. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi umeme ukakatika. Haukurudi siku hiyo, wala Ijumaa. Ilikuwa miezi ya joto, unakumbuka jinsi bati linavyolia. Umeme ulirudi Jumamosi karibu na adhuhuri, nikakimbilia dukani.

Salvatori alikuwa anaosha frigo. Samaki walikuwa kwenye beseni nje, na nzi juu yao.

"Baba Faida, yako ilikuwa maji kabisa," akaniambia. "Mi samaki yangu yote natupa. Na weye tupa."

Nilichukua kikombe kimoja. Kilikuwa cha moto kidogo mkononi, kama mkono wa mtu. Nilinusa. Yogati huwa na uchachu wake, hilo linajulikana, kwa hiyo nikajiambia ni uchachu wa kawaida. Lakini chini ya uchachu kulikuwa na harufu nyingine, ya papai lililolala juani. Niliisikia. Sitaki uniambie labda sikuisikia, maana najua ndivyo utakavyotaka kuniambia. Nilisimama pale nikawaza kesho, watoto wamepanga mistari, mchungaji ananiita mbele, na mimi mikono mitupu. Nikamwambia Salvatori, "Umeme umerudi, itaganda tena." Akanitazama, akaendelea kuosha.

Na iliganda. Jumapili asubuhi ilikuwa imara, nzuri, ina barafu nyembamba juu. Ungeitazama usingeona tofauti na ya siku yoyote.

Niligawa mwenyewe. Watoto walipita mmoja mmoja, wewe ulikuwa katikati ya mstari, nyuma ya rafiki yako Aline. Aline alipokea akasema asante. Ukaja wewe, ukanyoosha mkono, na mimi nikasema, "Wewe hapana, una kikohozi."

Hukuwa na kikohozi, Faida.

Ulinitazama, ukasema kwa sauti ya chini kwa sababu watu walikuwepo, "Baba, sina kikohozi." Nikasema, "Unacho. Kaa chini." Ulikaa kwenye benchi la ukutani ukiwatazama wenzako wakilamba, na ulilia bila sauti, machozi tu. Siku nzima hukunisemesha. Nafikiri unakumbuka. Mara moja ulipokuwa mkubwa uliniuliza kwa mzaha kwa nini nilikunyima, nikasema sijui, nimesahau.

Sijawahi kusahau. Kwa miaka yote hii nimeweza kujitetea kwa kila jambo: nilidhani imepona, sikujua sayansi, nilitaka watoto wafurahi. Kwa hilo la kikohozi sina utetezi. Mkono wangu ulikuwa umeshajua. Ulijua vya kutosha kukulinda wewe, haukujali vya kutosha kuwalinda watoto wa wenzangu. Ndiyo maana sina wosia mwingine wa jikoni wa kukupa zaidi ya huu: siku ukijikuta unamtengea mtoto wako, au unajitengea mwenyewe, kitu tofauti na kile unachowapa wengine, simama hapo hapo. Usibishane na nafsi yako. Umwage vyote, hata kama wamekaa wanangoja na sahani mikononi.

Kabla ya jua kuzama walianza kutapika. Zahanati ilijaa, watoto wawili kitanda kimoja. Nilikwenda, nikazunguka na maji, nikashika mabeseni, na watu wakanisifu hata kwa hilo. Wengi walirudi nyumbani kesho yake. Aline alibaki na dripu siku tano, na siku ya tatu mama yake alitoka nje akakaa chini kwenye vumbi akisema kwa Kirundi maneno ambayo sikuyaelewa na niliyaelewa. Nilisimama karibu naye. Ningeweza kusema pale. Wauguzi wangejua wanatibu nini. Nilimshikia kanga yake tu. Aline akapona, Mungu alimponya, wala sikuchangia chochote katika kupona kwake.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani Jumatatu, wawili. Walikuwa na adabu, hata waliona aibu kuniuliza.

"Baba Faida, maziwa ulinunua wapi?"

"Kwa Mama Chisomo," nikasema.

Basi. Sikusema zaidi ya hapo. Niliwajibu ukweli mtupu, na huo ukweli ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Wao wakajaza yaliyobaki. Kwamba anatia maji ya mtaro, kwamba ndoo yake ni chafu, kwamba wenyeji hawatupendi. Salvatori naye alinyamaza, kwa sababu frigo lilikuwa lake na duka lilikuwa lake. Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa inajua.

Siku ya tatu Mama Chisomo alikuja. Nilikuwa nimekaa na mmoja wa wale wazee, utepe wa kupimia shingoni. Aliegesha baiskeli kwa uangalifu kama kawaida yake, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Baba Faida. Bantu banasema maziwa yangu ilitaka kuua batoto."

Nikaukunja utepe kidoleni.

"We njo uliipika. Uliionja. Ilikuwa mubaya?"

Mzee alinitazama. Ilikuwa nafasi ya neno moja tu, na neno lenyewe fupi. Nikasema, "Mama, mi siwezi kujua. Maziwa ni maziwa."

Akasema, "Zikomo." Asante. Ndivyo wanavyomaliza mazungumzo hapa, unajua, lakini siku ile lilinichoma. Alichukua baiskeli yake akaondoka na ndoo imejaa.

Alirudi mara chache kujaribu. Watu walifunga milango. Na sasa nafika pale palipofanya nisimame mlangoni muda mrefu zaidi leo.

Tulikuwa tunatoka bombani, mimi na wewe, mimi mbele kidogo na ndoo kichwani. Yeye alikuwa anapita. Mimi nilitazama upande. Yeye alikusalimia wewe, kwa jina lako, kwa sababu alikupenda tangu enzi za meno meusi. Nikakusikia nyuma yangu. Ulijifunga pua kwa vidole, ukasema, "Baba anasema we ni muchafu."

Sijawahi kulisema neno hilo. Ulikuwa umeokota maneno ya watu ukanipa mimi yawe yangu, kwa sababu mtoto anajua yaliyomo ndani ya nyumba hata yasiposemwa. Nilipaswa kutua ile ndoo. Nilisema, "Twende, Faida." Ukanifuata, ukijiona umefanya vizuri. Na umeendelea kujiona hivyo kwa miaka kumi na moja, mpaka ukaenda kukisimulia kisa hicho Lilongwe, na kikakupa kazi.

Hilo ndilo linalonifanya nisitulie. Kosa la frigo nililifanya mimi. La kunyamaza, mimi. Lakini lile la bombani nilikubebesha wewe, ukiwa na miaka tisa, nikakuacha ukue nalo kama kitu cha kujivunia.

Wiki tatu zilizopita nilikuambia nakwenda mjini kununua vitambaa. Sikwenda mjini. Nilivuka mashamba ya mahindi mpaka kijijini kwake, nikaambiwa hayuko huko, aliuza ng'ombe zamani maana hapa kambini ndipo alipokuwa na wanunuzi, akahamia kwa kaka yake Madisi. Kesho yake nikapanda basi mpaka Madisi. Nilimuuliza kila mwanamke aliyekaa na biashara sokoni. Nilimkuta kando ya barabara anakaanga mandasi, kitambaa kichwani, amekonda. Alinitambua kabla sijasema.

"Baba Faida. Umezeeka."

Nikamwambia yote, nimesimama, huku wateja wanakuja na kuondoka. Nilimweleza umeme, harufu, kikohozi. Hakuacha kukaanga. Alipogeuza mandasi ya mwisho ndipo aliponijibu.

"Siku ile batoto bangu balikunywa maziwa ile ile. Habakuumwa. Mi nilijua tangu siku ile kama haikuwa maziwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Bote balikuwa banajua tayari." Aliifuta mikono. "Sikukuja kwako kuuliza, Baba Faida. Nilikuja ili wewe useme."

Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayekataa mzigo uliopelekwa nyumba isiyo yake.

"Usiniombe hapa. Hapa Madisi hakuna mtu anajua mi ni muchafu. Sema kule." Kisha akauliza, "Na mutoto?"

Nikamweleza kuhusu wewe, kazi ya Kauma, na kile ulichowasimulia. Lori lilipita, akafunika mandasi zisiingie vumbi.

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Anza na yeye. Yeye njo alijifunga pua mbele yangu."

Sikujua niondoke vipi. Alinipa mkono wakati wa kuagana, mkono wa kawaida, wa mtu na mtu. Sijui ndani yake kulikuwa na nini. Nilitarajia nitarudi nikiwa mwepesi, lakini nilirudi nikiwa na kazi, na kwa wiki tatu sikuifanya. Nilikuwa nasema kesho, kesho, na kesho zimeisha.

Kesho ni Jumapili na basi lako ni mchana. Asubuhi kuna ibada. Nimemwomba mchungaji anipe nafasi ya kusema, sikumwambia ya nini. Mama Aline atakuwepo, na Aline mwenyewe, yule aliyekuja jana kukusaidia kukunja nguo. Nitasema mbele yao kama nilivyokuandikia, pamoja na kikohozi. Sijui watanifanya nini. Ushemasi nitaurudisha, hilo nimelimaliza. Kuhusu macho ya Mama Aline sijamaliza.

Wewe hulazimiki kukaa upande wangu. Ukitaka kutoka nje, toka. Ukitaka kupanda basi bila kuniaga, nitaelewa, nitaumia na nitaelewa. Na wale akina mama wa Kauma, utakachowaambia ni chako kuamua. Najua wanaweza kukurudisha. Nimewaza hilo kuliko yote, na mara mbili wiki hii limenifanya nichane karatasi. Lakini utakuwa unawapa watoto wadogo vikombe kwa mkono wako kila wiki, na kisa unachokitegemea kinamlaumu mtu aliyekuwa na usafi kuliko baba yako. Siwezi kukuacha usimame jikoni juu ya kitu hicho. Ukinihitaji, nitakuja Lilongwe niwaeleze mwenyewe.

Madisi haiko mbali na huko unakokwenda. Anakaa kando ya barabara kubwa, upande wa kulia ukitokea mjini, karibu na kinu cha mahindi. Sikutumi. Nakuambia alipo tu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, ndani ya ile aproni ya pili, uikute ukiwa umeshafika. Nimesikia sauti yako sasa hivi kwa jirani, unamwambia kwaheri. Naikunja. Nitakupa mkononi, halafu nitakaa hapa kwenye kigoda mpaka uimalize, uniulize chochote unachotaka.

Baba yako